Miaka Niliyopeleka Wageni kwa Gogo Thoko

Wanangu wa kwaya, mlinikuta Jumapili nje ya kanisa nikisubiri mvua ipungue, mkaniambia mnataka kuanza kazi ya kutembeza wageni vilimani. Ukurasa wa simu mmeshafungua, picha mmeweka, jina mmechagua. Belyse akaniuliza, "Mama Esperansi, wewe umefanya hii kazi miaka mingi. Iko na future?" Nikasema nitajibu nikishakaa chini, maana magoti yangu hayapendi maswali ya kusimama.

Sasa nimekaa. Nipo chumbani kwa binti yangu hapa mjini, orofa ya juu ya saluni yake. Huko chini wanasuka nywele na redio imefunguliwa mpaka mwisho. Nitawaeleza jinsi mambo yalivyokuwa, lakini msitegemee nitawatia moyo. Waliokuwa wakitiana moyo katika kazi hii nimewaona wengi, na kila mmoja alikuwa ana kitu anauza.

Tuanze na yale yanayosaidia. Mgeni akishuka kwenye gari, usimtazame usoni, mtazame miguuni. Mwenye viatu vipya kabisa, anzeni kumwombea. Atakuwa na malengelenge kabla hamjafika kwenye kijito, na atanyamaza kwa sababu viatu vilimgharimu. Mwenye viatu vilivyochakaa, mwacheni atembee nyuma atakavyo. Yule anayesema, "Mimi nimezoea kutembea," huyo kaeni naye karibu, ndiye atakayehitaji kushikwa mkono kwenye mawe.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mwepesi wa kuchoka. Mweke mbele, karibu na wewe, na umwulize habari za wajukuu wake, ili wengine wadhani mnakwenda polepole kwa sababu ya mazungumzo. Na kamwe usiseme "tumekaribia." Mgeni akisikia tumekaribia, mwili wake unafunga duka. Sema, "Mbele kuna kivuli," na kiwepo kweli.

Mambo hayo sikufundishwa darasani. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilipotoka Burundi na watoto wawili, kazi niliyoipata ilikuwa jikoni, katika nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya mabonde, kule ambako ukishapita Pinetown ardhi inaanza kukunjamana kama shuka ya mtu aliyelala vibaya. Mwenye nyumba alikuwa anaitwa Ravi, Mhindi wa hapahapa Durban, mtu mwema, ila daima alikuwa na haraka. Alikuwa na kijana wa kutembeza wageni. Asubuhi moja kijana huyo akapiga simu kutoka Johannesburg, kwamba ameshafika huko na harudi. Wageni walikuwa wamesimama uani wamevaa kofia. Ravi akaingia jikoni, akatutazama mmoja mmoja, akasimama kwangu.

"Mama, wewe si ndiye unayeteremka kule chini kufuata maziwa?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwa yule gogo, yule bibi anayefinyanga vyungu, unapajua?"

"Napajua."

"Sharp. Vua aproni."

Ukweli ni kwamba nilikuwa najua penye maziwa tu. Tukateremka. Penye njia panda nikachagua kulia, kwa sababu kulikuwa na moshi, na nikafikiri anayechoma vyungu lazima awe na moshi. Tukaingia kwenye uwanja wa watu. Mikeka imetandikwa, wanaume wamevaa makoti, akina mama wanapika kwenye masufuria makubwa. Nikawakalisha wageni wangu kwenye mkeka ulio mzuri kuliko yote.

Mzee mmoja akanijia. Kizulu changu siku hizo kilikuwa cha kuombea sabuni. Katika maneno yake yote nilishika neno la ng'ombe, ambalo halikuwa mbali na la kwetu, nikajua anazungumzia maziwa. Nikamjibu kwa heshima zote, "Asante, tutakunywa." Mzee akashika kichwa.

Ilikuwa siku ya kupokea wajumbe wa mahari. Walikuwa wanawasubiri watu wa bwana harusi, na sisi tukaingia bila hodi, na Wazungu wetu, bila hata mbuzi. Kidogo baadaye wajumbe wenyewe wakafika, wakasimama langoni wakipaza sauti na kutaja majina ya ukoo wa mwenye nyumba, kama desturi inavyotaka. Wakachungulia, wakaona nafasi yao imekaliwa na bibi wa Kiholanzi anapiga picha. Ugomvi ulikuwa karibu kuanza. Aliyetuokoa ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mchimba visima, aliyekuwa kwenye kona anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa doti lake.

"Hao ni wa kwangu," akasema. "Wamepotea. Nipeni."

Ndivyo nilivyofahamiana na Gogo Thoko. Na tangu siku ile, langoni pa mtu nasimama nje na kuita, hata kama lango liko wazi, hata kama ananijua. Hilo liandikeni.

Gogo kwa Kizulu ni bibi, lakini msidhani alikuwa bibi wa kusimulia hadithi na kubariki watu. Alikuwa na hasira za karibu. Alipenda soda nyekundu na aliwachukia mbuzi wa jirani yake Bhekani, waliokuwa wanakuja kulamba vyungu vyake vikiwa vibichi. Akifanya kazi alikuwa hasemi. Ukimuuliza swali wakati mikono yake iko kwenye udongo, anakutazama kana kwamba umemkatiza mtu anayesali.

Kwa hiyo tukagawana. Yeye mikono, mimi mdomo. Nilijifunza Kizulu kwake, nikajifunza na hatua zote za kazi yake ili niwaeleze wageni kwa Kiingereza. Udongo unatoka kwenye ukingo ule, chini ya mteremko, kuna mweusi na kuna wa kijivu, na mmoja bila mwingine hausimami. Unatwangwa, unachekechwa, unalowekwa, unakandwa. Anatengeneza kamba ya udongo, anaizungusha juu ya nyingine, anapanda nayo. Anakwangua kwa kipande cha kibuyu. Anapachika vinundu vidogo begani mwa chungu, ili mtu akikishika kwa mikono yenye mafuta kisiteleze. Kikishakauka anakisugua kwa jiwe la mtoni. Kisha moto wa kwanza, wa nyasi na samadi kavu, kinatoka chekundu. Kisha moto wa pili, wa majani na moshi, kinatoka cheusi, anakipaka shahamu, na hapo ndipo kinaweza kubeba pombe na kuipoza hata Durban ikiwaka jua la Januari.

Nilikuwa nasema hayo yote vizuri. Nilikuwa na utani wangu mahali pake, na kimya changu mahali pake. Wageni walipiga makofi. Halafu kila mmoja anapewa bonge la udongo ajaribu, na hapo ndipo Gogo alipokuwa anapata burudani. Mgeni akigeuka kupiga picha, Gogo anakiweka sawa kikombe chake kwa dole gumba. Mgeni akirudi anashangaa jinsi alivyo fundi. Wakishaondoka, vikombe karibu vyote vinarudi kwenye ndoo ya maji viwe udongo tena, kwa sababu kitu kibichi hakifiki Ulaya.

Siku moja nilimwambia, "Gogo, nifundishe na mimi. Nikae chini nifinyange."

Akanitazama. "Nikikufundisha, nani ataongea?"

Tukacheka. Wageni walikuwa wanakuja kila wiki. Kazi ilikuwa nzuri, watoto wangu walikuwa wanasoma. Sikurudia kumwomba.

Sasa niwaambie habari za Bwana Hayashi.

Huyu alikuwa Mjapani, mzee, na mkewe, waliokuja kumtembelea binti yao aliyekuwa anafanya kazi hapa Durban. Ravi aliniambia niwapeleke wao na binti yao peke yao. Nilipotazama miguu yake nilikuta viatu vikuukuu vilivyoshonwa upya mara nyingi. Alitembea hatua fupi, mikono mgongoni, hakuna jiwe lililoviringika nyuma yake. Nikaona kwamba huyu ni wa kazi. Nikamwuliza kupitia kwa binti yake, na kweli, kwao alikuwa anatembeza wageni. Kijiji chao kiko milimani, kuna misitu ya misonobari, na njia ya zamani inayovuka mlima. Anawachukua wageni asubuhi, wanavuka, na jioni wanafika nyumbani kwake. Hapo anawafundisha kutengeneza karatasi kwa magome ya mti. Magome yanachemshwa, yanapondwa, yanatiwa kwenye pipa la maji baridi, na kila mgeni anachota karatasi yake mwenyewe kwa chekecheo la mianzi. Ni kazi aliyorithi kwa baba yake na babu yake.

Tulipofika kwa Gogo, nilimwona mzee yule anavua viatu bila kuambiwa, anakaa chini. Gogo alifinyanga na yeye alitazama, muda mrefu, na safari hii mdomo wangu ulikosa kazi. Gogo alipomaliza alinawa, akamshika mkono yule mzee bila kuomba ruhusa, akaugeuza kiganja juu. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka na kupona, imepasuka na kupona.

"Maji," akasema Gogo.

"Maji ya baridi," akajibu binti kwa niaba ya baba yake. "Karatasi nzuri hutoka wakati wa theluji."

Kuanzia hapo walizungumza. Kijapani kilikwenda kwa binti, Kiingereza kikaja kwangu, Kizulu kikaenda kwa Gogo, na kurudi vilevile. Sijawahi kutafsiri maneno mazito kwa watu wasiokuwa na haraka kama wale.

"Nani atashika kazi yako?" Gogo akauliza.

"Hakuna. Mwanangu wa kiume yuko mjini, anauza bima."

"Na vijana wa kijiji?"

"Shule ya kijiji ilifungwa zamani. Darasani ndipo wageni wanapokunywa chai."

"Wageni wanakuja?"

"Kila mwaka wanaongezeka. Wanaandika maneno mazuri sana."

"Na hakuna hata mmoja aliyebaki?"

"Alibaki mmoja. Alikaa majira ya baridi yote, alikuwa na mkono mzuri. Kisha akapata mchumba."

Gogo akacheka, lakini kicheko chake kilikatika. Akamwonyesha kwa kidevu mjukuu wake Nomusa, aliyekuwa ameegemea mlango na simu yake. "Wangu ni yule pale. Mikono anayo, kuliko hata mimi nilipokuwa kama yeye. Lakini ameshaondoka. Ni mwili tu uliobaki unasubiri taxi."

"Gogo, nipo hapa, nakusikia," Nomusa akasema.

"Najua unasikia. Ndiyo maana nasema."

Nomusa akaingia ndani. Msimhukumu. Alikuwa amemaliza shule, alikuwa na mtoto, na chungu kimoja kinachukua siku nyingi na kinaweza kupasuka siku ya mwisho. Duka la Isipingo lilikuwa linaajiri. Ningekuwa mimi, ningekwenda.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, yule mzee alisimama kupumua, akaniuliza jambo. Binti yake akatafsiri: "Baba anauliza, wewe unatengeneza nini?"

"Mimi nasema tu," nikamjibu.

Mzee akainamisha kichwa kwa adabu, akaendelea kupanda. Nilimwonea huruma siku ile. Nilijiambia, maskini, kwao kumekwisha. Nilidhani kwetu bado.

Kilichofuata mnakijua, maana ninyi nanyi mnaishi nchi hii. Watu walianza kusema kazi zote zimechukuliwa na wageni, na safari hii wageni hawakuwa wale wenye kofia na kamera. Tulikuwa ni sisi. Asubuhi moja nilikuwa nateremka na kundi nikakuta wanaume wamekaa juu ya mawe katikati ya njia. Aliyesimama mbele alikuwa Bhekani, yule jirani wa mbuzi. Kiwanda alichofanyia kazi huko chini kilikuwa kimefungwa, na yeye alikuwa na umri ambao hakuna anayekuajiri tena.

"Mama," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini, "sisi na wewe hatuna ugomvi. Lakini vilima hivi ni vyetu. Anayevieleza awe wa kwetu."

Mgeni mmoja akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema njia imeharibika mbele." Tukarudi.

Nimefikiri miaka mingi ningemjibu nini Bhekani. Kilichonifunga mdomo ni kwamba alikuwa na haki na mimi nilikuwa na watoto, na vitu hivyo viwili havikai kwenye kiti kimoja. Ravi akampa kazi mpwa wake Bhekani, mimi nikarudi kwenye sinki. Mpwa alikuwa kijana mzuri, lakini kwenye simu za wageni habari za fujo za mjini zilishafika kabla yake. Walianza kuja wachache, kisha wakawa wanakuja wanaulizia kwanza kama kuna usalama, kisha wakaacha hata kuulizia. Mpwa akaenda kufanya kazi ya ulinzi Queensburgh.

Halafu ikanyesha ile mvua. Mnaikumbuka, hata wadogo kati yenu mnaikumbuka. Huku mjini maji yalichukua magari na kontena. Kule kwetu yalichukua ardhi yenyewe. Kilima kilikatika kama mkate. Barabara ikaning'inia hewani. Nusu ya nyumba ya Ravi, upande wa vyumba vya wageni, ikateremka bondeni na vitanda vyake. Hakuna aliyekuwa amelala humo, Mungu ashukuriwe, maana hakukuwa na wageni. Ravi alikaa uani kwenye kiti cha plastiki siku nzima. Kisha akatulipa haki zetu, akafunga, akaenda kwa wanawe ng'ambo.

Nyumba ya Gogo ilisimama. Ila ule ukingo wa udongo, mweusi na wa kijivu, ulifunikwa na maporomoko ya mawe na mchanga, na mto ukabadilisha njia ukapita juu yake. Wanaume walijaribu kuchimba kumsaidia. Walichimba mawe. Gogo akabaki na magunia machache ya udongo aliyokuwa ameyaweka ndani. Nilikwenda kumwona, nikamkuta anafinyanga kidogo kidogo.

"Na ukiisha?" nikamwuliza.

"Ukiisha, umeisha," akasema, akanifukuza kwa mkono kwa sababu nilikuwa nazungumza akiwa kazini.

Aliugua kifua wakati wa baridi, akafariki kabla ya masika. Nilikwenda kuzika. Watu walikuwa wachache, kwa sababu barabara ilikuwa bado haijatengenezwa.

Mwaka uliofuata Nomusa akanipigia simu. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwa binti yangu. Akaniambia wanataka kufanya shughuli ya kuosha msiba, kumrudisha bibi yake nyumbani awe miongoni mwa wazee wa ukoo. Hapo lazima pombe itengenezwe, na pombe hiyo iwekwe kwenye chungu ndani ya nyumba ya mviringo, upande wa nyuma, mahali pa wazee, kisha watu wote wanywe humo.

"Mama, iko shida," akasema. Neno hilo la Kiswahili alilichukua kwangu utotoni, na akiwa na mashaka hulitumia. "Ndani hakuna chungu."

"Hakuna vipi? Nyumbani kwa Gogo Thoko?"

"Aliuza vyote. Hata kile chake cha siku zote alimpa mgeni mmoja wa mwisho mwisho aliyekipenda sana. Majirani wote wanatumia plastiki. Lakini chini ya kitanda nimekuta vingine amevifunga kwenye magunia. Vimekauka, amevisugua, bado havijachomwa." Kisha akasema, "Wewe umemwona akichoma mara nyingi kuliko mimi. Njoo tuchome."

Nilikwenda. Taxi mpaka Pinetown, taxi nyingine ya kupanda, halafu miguu, kwa sababu barabara inaishia hewani mpaka leo. Magoti yalilia njia nzima. Njia yenyewe imeota majani, na penye kile kijito ilibidi nikae chini niteleze kwa makalio, mimi niliyekuwa nawashika Waholanzi mikono.

Tulivitoa vile vyungu uani. Wanangu, vilikuwa vizuri. Mkono wake ulikuwa haujapungua hata kidogo. Nomusa alikuwa anavishika kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto. Bhekani akaja na toroli lililojaa samadi kavu. Alinisalimia, akaketi. Hakuna aliyetaja mambo ya njiani. Alisema tu, "Mbuzi wangu wanamkumbuka."

"Haya Mama," Nomusa akasema. "Tunaanzaje?"

Nikaanza. Maneno yalikuja yenyewe, kwa mpangilio wake. Nilieleza jinsi shimo linavyotandikwa nyasi, jinsi vyungu vinavyolazwa midomo ikiangalia chini, jinsi samadi inavyopangwa kama matofali. Nomusa alifanya, Bhekani alifanya. Kisha nikasema, kama nilivyozoea kusema, "Kwanza anavipasha moto taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga."

"Taratibu kiasi gani?" Nomusa akauliza. "Moto unakuwa wapi? Pembeni au chini? Anajuaje kwamba sasa tayari?"

Nikafungua mdomo, na humo hamkuwa na kitu.

Kwa sababu kupasha moto kulichukua muda, na hakukuwa na cha kutazama. Kwa hiyo kila mara, miaka yote ile, hapo ndipo nilipowachukua wageni kwenda kuona mto. Tulipiga picha mtoni, tulikula machungwa, na tulirudi moto ukiwa umeshapanda na unapendeza. Sehemu ile sikuwahi kuiona hata siku moja.

"Pembeni," nikasema. "Nadhani pembeni."

Tuliwasha pembeni. Tulingoja tulivyoona inafaa. Bhekani alisema upepo unageuka, afadhali tufunike sasa. Tukafunika. Moto ukapanda vizuri, mwekundu, wa kupigiwa makofi. Kisha tukasikia cha kwanza. Mlio wake si mkubwa, ni kama mtu anayevunja kuni kwa goti. Nomusa akaweka mkono mdomoni. Kikafuata kingine. Bhekani akanyanyuka, akachukua fimbo, akataka kuvuta samadi moto upungue, Nomusa akamshika, "Ukiingiza baridi ndiyo utaviua," na sijui kama alikuwa sahihi, na yeye hajui. Tulisimama. Kila kilipolia tulitazamana kuona kama kuna anayejua la kufanya.

Moto ulipozimika tulifukua majivu kwa fimbo. Vigae. Kimoja kilikuwa kimesimama kizima, Nomusa akapiga kelele ya furaha, akakiinua kwa gunia, na kitako kikabaki chini.

Alilia akiwa amechutama, bila kujificha. "Nilikuwa nakaa pale mlangoni," alikuwa anasema. "Kila siku nilikuwa nakaa pale mlangoni." Nilitaka kumwambia mlango wake ulikuwa karibu zaidi kuliko mto wangu, lakini lingemsaidia nini?

"Tutafute cha kununua," Bhekani akasema. "Mjini viko madukani."

Nilijua vilivyoko madukani. Vimepakwa vanishi, ni vya kuweka maua. Ukitia pombe humo inavuja au inamdhuru mtu. Na mfinyanzi mwingine bonde lile halikuwa naye.

Belyse, ulitaka kujua kama kazi hii ina mbele. Wageni watakuja, mwanangu. Watu wa mjini duniani kote wana hamu ya kutembea njia ya mtu na kushika udongo wa mtu, na kama mna adabu na mnajua kutazama viatu, mtakula. Mimi nilikula. Lakini mkiniuliza kitu gani kilibaki bondeni baada ya miguu yote ile kupita, sina cha kuwaonyesha. Mkienda, mmoja wenu akae chini kwenye udongo, na asiinuke wakati wa kupiga picha. Nawaambia hivyo na siamini kwamba mtafanya. Mimi mwenyewe nilikuwa na sababu nzuri.

Shughuli ilifanyika Jumamosi. Mbuzi alichinjwa, Bhekani ndiye aliyemtoa. Pombe ilikuwa imechachuka vizuri, shangazi zake Nomusa walijua kuipika. Wakati ulipofika, Nomusa aliingia ndani ya nyumba ya mviringo amebeba ndoo nyeupe ya plastiki, iliyokuja na rangi ya kupaka ukuta, waliyoisugua kwa mchanga na majivu mpaka maandishi yakatoka nusu. Akaipeleka nyuma, mahali pa wazee, akapiga magoti, akaiweka sakafuni.

"Gogo," akasema, "ni hiki."

Wazee walikunywa kwanza, kwa zamu. Kisha ndoo ikatuzungukia. Ilipofika kwangu niliishika kwa mikono miwili, na kwa kuwa ilikuwa imelowa na ukuta wake ni laini, iliniteleza, Bhekani akaidaka kwa chini akanishikia mpaka nikamaliza. Pombe ilikuwa nzuri. Nyuma yake kulikuwa na ladha ya rangi.